Jirani Yangu Aliyelaza Watu

Nilipohamia Shieywe, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa mwanamke kijana, mwalimu mpya wa fizikia katika shule moja ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kakamega. Nilipanga chumba na sebule katika ploti ya nyumba za mabati zilizotazamana, na katikati palikuwa na uwanja wa saruji wenye bomba moja la maji. Mlango ulioelekeana na wangu ulikuwa wa mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka michache, mrefu, asiyekosa mtandio kichwani. Nilijua ni muuguzi kwa sababu sare zake zilianikwa kambani kila mara, na nilijua ni Mwislamu wa Mumias kwa namna alivyosalimia. Zaidi ya hapo hatukujuana. Asubuhi tulipishana bombani, kila mtu na ndoo yake.

Mvua ndiyo iliyotukutanisha. Aliyekaa Kakamega hahitaji kusimuliwa mvua ya alasiri: asubuhi jua, adhuhuri joto la kubana kifua, halafu mawingu yanateremka kutoka upande wa msitu na radi zinaanza kupasuka kama mtu anayevunja mbao juu ya paa lako. Siku moja ilikuja na upepo, stima ikapotea, nami nikakimbia nje kuanua nguo. Nikaona sare za jirani bado ziko kambani na mlango wake umefungwa kwa kufuli. Nikazianua pamoja na zangu. Aliporudi, amelowa mpaka soksi, alizikuta zimekunjwa juu ya kiti changu, nami nimewasha stovu nachemsha chai.

"Mwalimu, Mungu akubariki," alisema. "Njia nzima nilikuwa nawaza kesho nitavaa nini."

Nilimkaribisha akae. Alivua viatu mlangoni, akakishika kikombe kwa mikono yote miwili ili apate joto. Akaniuliza nafundisha somo gani. Nilipomwambia fizikia, aliinua macho akaitazama glopu iliyozimika.

"Basi nikuulize. Stima ikipotea hivi, mwanga uliokuwa humu ndani unaenda wapi?"

"Hauendi popote, dada. Glopu ilikuwa inautengeneza, sasa haiutengenezi tena. Ule uliokwisha kutoka umemezwa na kuta, na viti, na sisi wenyewe."

"Umemezwa," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. Hakucheka. Akaniambia kwamba kazi yake si ya wodini. Alikuwa amesomea kutoa nusukaputi, ile dawa ya kumlaza mtu kabla ya kupasuliwa, na alifanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya misheni iliyokuwa nje ya mji. Siku hiyo alikuwa amemlaza mzee aliyeletwa kupasuliwa ngiri.

"Alipoamka alinishika mkono, akaniuliza, 'Binti yangu, nilikuwa wapi?' Nikamwambia, ulikuwa hapa hapa, mzee. Akakataa. Akasema, 'Hapa nilikuwa sipo.'" Akanywa chai kidogo. "Miaka yote hii nawaondoa watu na kuwarudisha, mwalimu, na sijui nawapeleka wapi. Nilidhani fizikia inajua."

"Fizikia haijafika huko," nilimwambia.

"Basi ifanye haraka," akasema, na hapo ndipo tulipocheka wote wawili.

Sikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye hivyo tangu nitoke chuo kikuu. Katika chumba cha walimu maneno yalikuwa siasa, harusi za watu, na nani amehamishwa kwenda wapi. Ukianza kusema kwamba ndani ya atomu kuna nafasi tupu zaidi kuliko kitu, mwenzako anakuomba umpitishie sukari. Lakini jirani yangu alikuwa na njaa ya maneno hayo. Alikuwa anarudi kutoka kazini, anaswali, anajifunga leso, kisha anavuka uwanja kwa ndara zake huku ameshika mizizi ya mkombero aliyonunua kwa akina mama wa stendi. Tuliitafuna mpaka ulimi ukafa ganzi, na tukaulizana maswali.

Siku niliyomwambia kwamba meza yangu, kwa hesabu za wanafizikia, ni karibu yote utupu, aliitazama vizuri, halafu akaipiga kwa ngumi. Akakunja uso, akapuliza vidole.

"Utupu wako unaumiza, mwalimu."

Nikamweleza kuhusu chaji za umeme, jinsi zinavyosukumana hata mkono usipite. Alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kulijibu mpaka leo. Alisema: "Sawa, mkono umesukumwa. Hapo nimekuelewa. Lakini uchungu? Uchungu nao ni chaji? Mimi nina dawa, nikiitia kwenye mshipa, mkono utasukumwa vile vile na meza itakuwa meza vile vile, lakini uchungu hautakuwepo. Kwa hiyo uchungu ulikuwa wapi, kwenye meza, kwenye mkono, au kwa yule niliyemlaza?"

Mara nyingine nilimsimulia jambo ambalo mhadhiri wetu alilisema mara moja tu, akalipita haraka kama mtu anayepita makaburini: kwamba vipo vijichembe vidogo ambavyo, kabla ya kupimwa, huwezi kusema viko hapa au pale. Si kwamba hatujui viliko. Havina pahali, mpaka upime.

"Kama mwanafunzi ambaye hajaitwa jina," alisema.

"Kidogo."

"Na mwezi? Tusipoutazama?"

"Kuna wataalamu waliogombana kwa swali hilo hilo."

Alitikisa kichwa. "Sisi hatuna ugomvi huo. Sisi tukilala, yuko asiyelala. Anautazama." Kisha, baada ya kutafuna kidogo: "Lakini ni swali zuri. Usiwanyime wasichana wako."

Alikuwa na imani yake, nami nilikuwa na yangu ya Jumapili, ambayo wakati huo ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Hatukujaribu kugeuzana. Aliniambia kwamba babu yake alimfundisha akiwa mdogo kwamba mtu akiamka asubuhi ashukuru, maana roho yake ilikuwa imechukuliwa na ingeweza kutorudishwa. "Mimi nashukuru mara nyingi," alisema. "Kila ninapomwamsha mgonjwa nashukuru kwa niaba yake, kwa sababu yeye bado amelewa."

Jumamosi moja nilimpeleka Khayega kuona mapigano ya fahali. Alikuwa ameishi Kakamega miaka mingi na hakuwa amewahi kwenda. Kwao Mumias hawakuwa na mchezo huo. Tulikwenda asubuhi na mapema, umande ukiwa bado kwenye majani, tukasimama nyuma ya umati, mbali na uwanja, kwa sababu fahali akikimbia hachagui njia. Ngoma za isukuti zililia mpaka nikazisikia tumboni. Fahali mmoja alikuwa mweusi, mwingine wa rangi ya udongo, mnene zaidi. Walikutanisha vichwa wakasukumana, miguu ya nyuma ikichimba ardhi, na kwa muda mrefu hakuna aliyesogea. Halafu yule mnene, aliyekuwa na nguvu zaidi kwa macho yetu sote, aligeuka ghafla akakimbia. Watu wakalipuka kwa shangwe, vijana wakamfuata mshindi wakirusha matawi.

Tukiwa tunarudi kwa miguu mpaka barabara kuu, jirani yangu alitembea akitazama chini. Nilidhani mchezo umemchukiza.

"Umemwona alipogeuka?" aliuliza mwishowe. "Aliamua, au aliona miguu yake inakimbia ndipo akajua ameshindwa?"

"Fahali hajui kushindwa, dada. Ni mnyama."

"Nani amekwambia? Umemuuliza?" Alisimama katikati ya njia, watu wakitupita. "Nakuuliza kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Mgonjwa akianza kuamka, mkono ndio unaoamka kwanza. Unatafuta, unashika shuka, unasukuma mkono wangu. Ukimwita jina hajibu. Kisha macho. Mwenyewe huja mwisho kabisa, kama mwenye nyumba anayefika na kukuta wageni wamekwisha kukaa. Na ukimuuliza mbona ulikuwa unanisukuma, atakupa sababu! Atasema, nilisikia baridi. Nilitaka maji. Anaitunga pale pale, na anaiamini."

Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. Nakumbuka jua lilivyokuwa jipya, na mtandio wake wa kijani, na jinsi mwendesha boda boda mmoja aliyekuwa amembeba mwanamke mnene nyuma ya baiskeli yake alivyotupungia mkono kama anatujua.

Miezi michache baadaye mimi mwenyewe nililazwa na jirani yangu.

Maumivu yalinianza nikiwa darasani, asubuhi, chini ya kitovu, na nikayapuuza. Kabla ya chakula cha mchana yalikuwa yamehamia upande wa kulia na nilikuwa nimeinama juu ya meza ya maabara huku wasichana wamenizunguka, mmoja akinipepea kwa daftari. Mwalimu mkuu alinipakia kwenye pikapu ya shule. Nilimwomba anipeleke kwenye ile hospitali ya misheni, kwa sababu moja tu: huko nilikuwa na mtu.

Daktari alinibonyeza tumbo, akaniachilia ghafla, nikapiga kelele. Kidole tumbo, akasema, na hakifai kungojewa. Jirani yangu alikuja akiwa amevaa mavazi ya kijani ya chumba cha upasuaji, kofia badala ya mtandio. Sikuwahi kumwona hivyo. Alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo ya moyo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kazini, usio na maswali.

"Dada," nilimwambia, huku nimeuma meno. "Nikishalala, ninong'oneze neno moja sikioni. Neno lolote, usiniambie sasa. Nikiamka tutajua kama nilisikia."

Alinitazama kama amesikia vibaya, kisha uso ukafunguka. "Wewe hata tumbo likikukata unafanya majaribio ya maabara!" Lakini alikubali.

Chumba kilikuwa na baridi na harufu ya spiriti. Taa kubwa ilikuwa juu yangu, na nje nilisikia ngurumo ya kwanza ya alasiri ikitoka mbali. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Nilikuwa nimezungumzia mlango huo wa kuondoka na kurudi kwa miezi mingi huku natafuna mkombero, na sasa nilikuwa nimewekwa mbele yake nimevuliwa nguo.

"Usiogope," alisema karibu na sikio langu. "Sasa nifundishe. Kanuni ya kwanza ya mwendo inasemaje?"

Dawa iliingia mkononi, baridi, ikipanda. Nilianza kwa sauti ya darasani. "Kitu kilichotulia kitaendelea kutulia mpaka..."

"...kisukumwe na nguvu ya nje," nilimalizia, na nikashangaa kwamba kinywa changu kimekauka, na kwamba sauti imetoka kama ya mzee. Taa kubwa haikuwepo. Juu yangu palikuwa na dari ya mbao yenye doa la maji. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na mabati yalikuwa yanadondosha matone ya mwisho.

"Amerudi," alisema mwanamke wa kitanda cha pili.

Nilitaka kumwambia sijaenda popote, kwamba ndio kwanza naanza sentensi. Kisha nikagusa tumbo na kukuta bendeji.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu jambo lililonitisha hapo, na sijui kama nimewahi kufaulu. Usingizi wa kawaida una urefu. Ukiamka unajua umelala, mwili unakwambia, hata kama hukuota. Huu haukuwa na urefu. Sehemu mbili za sentensi yangu zilikuwa zimeshikana kama vipande viwili vya kitambaa vilivyoshonwa, na katikati yake watu walikuwa wamenifungua tumbo, mvua imenyesha na kwisha, na wala sikukosekana kwangu mwenyewe. Giza ningelikumbuka. Hapakuwa na giza. Nililia machozi kimya kimya, na muuguzi wa wodi akadhani ni kidonda, akaniletea dawa.

Jirani yangu alikuja jioni, amerudisha mtandio wake. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Haya, mwalimu. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Ulisema neno gani?"

Aliinamisha macho, akacheka kidogo kwa aibu. "Sikusema. Nilisahau kabisa."

Akanisimulia. Daktari alipokuwa katikati ya kazi, radi ilipiga mahali karibu na stima ikapotea hospitali nzima. Jenereta ilikataa kuwaka mara moja. Msaidizi mmoja akashika tochi juu ya tumbo langu, daktari akaendelea, na yeye akashika mfuko wa mpira wa kusukuma hewa, akanipumulisha kwa mkono, gizani, huku anatazama kifua changu kwa mwanga wa pembeni wa ile tochi.

"Neno lako lilinitoka. Nilikuwa naangalia tu kama kifua kinapanda. Kikipanda, nangoja kishuke. Kikishuka, nakiambia pumua."

"Kwa hiyo ulisema neno."

Alifikiri. "Ndiyo. Nilisema pumua. Nilisema mara nyingi, nadhani hata kwa sauti. Lakini halikuwa la majaribio. Nilikuwa nakiambia kifua."

"Sikulisikia."

"Najua. Lakini stima iliporudi nikaachilia mfuko, ukaendelea kupumua mwenyewe."

Nilitaka kumwambia habari ya ile sentensi iliyoshonwa, na nikamwambia, vibaya vibaya, nikikwama. Nikamwambia kwamba kama kufa ni hivyo basi hakuna hata mtu wa kuogopa, na kwamba jambo hilo halikunifariji hata kidogo. Hakunipa mahubiri. Alinipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Wewe hukuwepo," alisema. "Mimi nilikuwepo. Leo tuseme hiyo inatosha."

Mama yangu alifika kesho yake kutoka Butali, shambani kwetu kwenye miwa, akiwa na unga wa wimbi na kuku wawili hai ndani ya kikapu. Niliporuhusiwa kutoka hospitalini alihamia kwangu Shieywe kunitunza. Jambo la kwanza alilofanya alipojua jirani ni Mwislamu lilikuwa kumtafuta kijana mmoja wa msikitini aje achinje kuku, ili sote tule chungu kimoja. "Mtu aliyekushikia pumzi," alisema, "utamnyima ingokho kwa sababu ya kisu?"

Siku hizo za kupona nazikumbuka kuliko miaka mizima iliyofuata. Mama alisonga obusuma, ugali wa kwetu, jikoni, jirani aliingia kunifungua bendeji na kunibadilishia, na mimi nilikaa kitandani kama mtoto wa kifalme. Jioni moja tulimsimulia mama maswali yetu. Nilitarajia atayacheka. Aliendelea kuchambua mboga.

"Huyu," akamwambia jirani akininyoshea kidole, "alipozaliwa alikuwa analianga mchana kutwa. Hanyonyi, hanyamazi. Wazee wakasema anataka jina. Tukakaa, tukaanza kutaja marehemu wa nyumba yetu mmoja mmoja. Huyu analia tu. Tulipotaja jina la mama yake baba yake, akanyamaza. Akanyonya."

"Mama," nikasema, "mtoto hunyamaza akichoka kulia."

"Ndiyo. Na kwa nini alichokea kwenye hilo jina?"

Jirani yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamuuliza mama, kwa heshima, kama anaamini kwamba mimi ndiye yule bibi aliyerudi. Mama alisimamisha mkono ndani ya mboga.

"Hapana," alisema. "Bibi yake alikuwa na maneno machache. Huyu ana maneno mengi. Lakini mtu haji mtupu. Analetwa na watu. Hata akipotea kidogo kama juzi, wale waliomleta wanamjua jina. Watamuita."

Siamini mpaka leo kwamba jina lilininyamazisha. Jirani yangu naye hakuamini; kwao mtoto huadhiniwa sikioni, na jina huchaguliwa kwa utulivu. Lakini nilipolala usiku ule, mama akikoroma kwenye godoro la chini, niligundua kwamba ile hofu ya dari yenye doa la maji ilikuwa imepungua, na sikuwa na hesabu ya kueleza kwa nini.

Tuliishi hivyo miaka mingine michache, mlango kwa mlango. Halafu baba yake alianza kusahau.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Mumias, mtu aliyejulikana kwa kanzu safi na salamu ndefu. Mwanzoni alisahau mahali alipoweka funguo, kisha njia ya kutoka msikitini. Jirani yangu aliomba kazi katika zahanati moja karibu na kwao na akaipata. Nilimsaidia kufunga vyombo. Alinipa stovu yake, ambayo ilikuwa nzuri kuliko yangu, na tukakumbatiana penye bomba huku majirani wanangoja maji.

Nilikwenda kumtembelea likizo za shule. Nyumba yao ilikuwa na ua mpana uliofagiliwa, na baba yake alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha mgongo mrefu, kofia nyeupe kichwani. Kila nilipofika alinisalimia kama mgeni wa mara ya kwanza, kwa ukamilifu: akaniuliza hali, na wazazi, na shamba, na safari. Sikuwahi kupokewa vizuri hivyo na mtu asiyenijua.

Mara moja jirani yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake akimlisha uji. Mzee alimtazama kwa upole.

"Na wewe, dada, watokea wapi?"

Mkono wa jirani yangu ulitulia na kijiko hewani. "Natokea Kakamega, baba. Nimekuja kukuangalia."

"Ahsante sana. Binti yangu yuko huko Kakamega. Ni muuguzi." Akaegemea mbele, kama anayetoa siri ya kujivunia. "Hulaza watu, na wote huamka. Mkikutana, nisalimie."

"Nitamsalimia, baba."

Akamlisha uji mpaka ukaisha, akampangusa midomo. Baadaye alinikuta nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigogo cha kuni na kujifunika uso kwa mtandio. Nilikaa kando yake. Kuku walikuwa wanaparua majivu.

"Wagonjwa wangu huondoka wote mara moja," alisema, sauti ikiwa nzito, "na hurudi wote. Huyu anaondoka kipande kipande na kila kipande nakiona. Salamu zimebaki. Swala imebaki, akisikia adhana anajua pa kuelekea. Na binti yake amebaki, umemsikia. Yumo mle ndani, anajivuniwa. Mimi ndiye sijapata pa kuingilia."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkono ule ule uliosukuma hewa ndani yangu gizani, nami niliushika tu.

Mzee alifariki baada ya mwezi wa Ramadhani. Waislamu huzika siku ile ile, kwa hiyo nilipopata habari na kufika Mumias alikuwa amekwisha kulazwa. Niliketi na wanawake ndani, nimejifunga kitambaa kichwani, nikisikiliza kisomo nisichokielewa. Watu walipopungua nilimfuata jirani yangu jikoni, ambako masufuria makubwa ya wali yalikuwa yamerundikana. Nilidhani atasema jambo. Tulikuwa tumezungumza juu ya siku hiyo kwa miaka, kwa njia moja au nyingine, na sasa ilikuwa imefika.

"Leo sina swali, mwalimu," alisema. "Nisogezee hilo sufuria."

Nikalisogeza. Alisugua kwa majivu, nami nikasuuza. Baada ya hapo alikwenda kufanya kazi Pwani, akaolewa huko, na mimi nikahamishiwa shule nyingine. Siku hizi tukipigiana simu tunazungumzia magoti yetu na wajukuu. Lakini alasiri ile tuliosha vyombo vyote vya matanga, tukiwa tumeketi kwenye vigoda, bega kwa bega, na kila nilipomaliza sufuria moja alikuwa tayari ameninyoshea jingine.